BUNDUKI YA BEI NAFUU YA KUWINDA PAA: KIKUNDI KIFIKIRIE NINI KABLA YA KUCHANGA PESA





Katika vikundi vinavyolima kando ya msitu wa Kakamega, kuanzia Shinyalu mpaka upande wa Malava, kuna swali ambalo halikosi kuulizwa kila mahindi yanapoanza kukomaa. Tumbili wanavunja mahindi mchana kweupe. Nyani wanakuja kwa kundi kama watu walioalikwa harusini. Usiku nguruwe mwitu wanachimba viazi vitamu na mihogo. Basi mwanachama mmoja anasimama na kusema: "Kwa nini tusichange tukanunua bunduki moja ya bei ya chini? Itafukuza hawa wanyama, na tukipata paa, nyama tutagawana."

Hilo si swali la ujinga. Mama aliyepanda mwezi wa tatu, akapalilia mara mbili, halafu akavuna magunia mawili mahali pa sita, hawezi kuambiwa tu anyamaze aombe Mungu. Kwa hiyo tulijibu swali lenyewe, hatua kwa hatua, ili kikundi kiamue kikijua.

Jibu kwa ufupi ni hili: hapa Kenya, bunduki ya bei nafuu, iliyo salama, ya kuwinda paa haipo. Ile ya bei nafuu si salama. Ile iliyo salama si ya bei nafuu. Na hata ungepata iliyo salama, na ya bei nafuu, na yenye cheti, bado kuwinda huruhusiwi. Tueleze moja baada ya nyingine.

1. SHERIA INASEMAJE?

Wazee wetu wanakumbuka uwindaji wa mbwa, mikuki na nyavu. Kisha akaja mkoloni na leseni zake. Mzungu mwenye leseni na bunduki akaitwa mwindaji, na mwenyeji mwenye mkuki akaitwa jangili. Uchungu huo upo hata leo, na si vizuri kujifanya haupo.

Lakini tangu mwaka 1977 mambo yalibadilika kwa wote. Serikali ya Kenya ilipiga marufuku uwindaji, kwa tajiri na kwa maskini, kwa sababu wanyama walikuwa wakimalizwa. Mwaka uliofuata, 1978, ikafunga pia biashara ya ngozi, pembe na mapambo yatokanayo na wanyama wa porini.

Sheria ya Wanyamapori ya mwaka 2013, iliyoanza kutumika Januari 2014, ilikaza kamba zaidi. Hata kuwinda kwa ajili ya chakula cha nyumbani ni kosa. Sheria hiyo ilipopitishwa, iliweka faini isiyopungua shilingi 30,000, au kifungo kisichopungua miezi 6, au vyote viwili. Kwa anayewinda ili auze nyama, faini iliwekwa isiyopungua shilingi 200,000, au kifungo kisichopungua mwaka mmoja. Sasa jiulize, paa mmoja mdogo ana kilo ngapi za nyama?

Kuna jambo moja ambalo wengi hukosea. Buyangu na Kisere, upande wa kaskazini, ni hifadhi ya taifa tangu mwaka 1985, na wasimamizi wake ni KWS, shirika la serikali la wanyamapori. Upande wa kusini, kama Isecheno, uko chini ya watu wa misitu, yaani KFS. Basi utasikia mtu akisema: "Huku kwetu si kwa KWS, tunaweza kuwinda." Hapana. Sheria haifuati mpaka wa msitu, inamfuata mnyama. Hata paa akiingia shambani mwako akala maharagwe yako, bado ni mnyama wa porini anayelindwa.

2. AINA ZA BUNDUKI ZINAZOTAJWA

Watu wakisema "bunduki ya bei ya chini", mara nyingi wana moja kati ya hizi tatu akilini.

(a) Gobore. Hii ni bunduki ya zamani inayoshindiliwa kwa mdomo. Baruti hutiwa kupitia mdomo wa mtutu, kisha kitambaa au karatasi, kisha vipande vya risasi, na vyote hushindiliwa kwa fimbo. Kule Tanzania gobore linajulikana sana vijijini, na wapo wanaolimiliki kwa kibali. Ndiyo sababu ndugu aliyefanya kazi huko akirudi nyumbani husifu gobore. Vilevile kule Marekani watu huwinda kulungu wa kwao kwa bunduki za kushindilia, lakini kwa leseni, na katika msimu uliopangwa na serikali. Sheria za nchi hizo ni za huko. Ukivuka nalo mpaka ukalileta Kakamega, tayari ni kosa.

Hata mahali linaporuhusiwa, gobore lina hatari zake. Baruti ikizidi, mtutu waweza kupasuka. Baruti ikipata unyevu, bunduki huweza kukawia: umefyatua, kimya, unaigeuza uone kuna nini, kumbe ndani moto bado unatambaa. Na sisi tunaishi mahali ambapo mvua hunyesha karibu kila alasiri katika msimu wake.

(b) Bunduki ya kuundwa na fundi. Hii ndiyo ya bei nafuu kweli, na ndiyo mbaya kuliko zote. Fundi anachukua bomba la maji, analichomelea, anaweka kitako cha mbao. Bomba la maji lilitengenezwa kubeba maji. Halikutengenezwa kubeba msukumo wa baruti inayolipuka. Mahali lilipochomelewa ndipo penye udhaifu, na mahali hapo pako karibu na uso na mkono wa yule anayefyatua. Inaweza kufyatuka mara tano bila neno, ikawapa watu imani. Mara ya sita inapasuka. Haina hata kizuizi cha kuaminika cha kuzuia isijifyatue yenyewe ikianguka.

Wengine hudhani kwamba bunduki ya kuundwa haihesabiwi kuwa bunduki. Inahesabiwa. Sheria ya Silaha, Sura ya 114, inataja silaha ya aina yoyote yenye mtutu unaoweza kutoa risasi na kuua. Kuitengeneza bila ruhusa ni kosa, na kuwa nayo ni kosa jingine. Adhabu ya kuwa na silaha bila cheti huhesabiwa kwa miaka gerezani, si kwa wiki. Hata bunduki ya upepo imetajwa katika sheria hiyo, kwa hiyo usiinunue kwa kudhani ni mchezo wa watoto.

(c) Bunduki ya marisau, ambayo wengi huita shotigani. Hii imetengenezwa kiwandani na hutoa chembe nyingi ndogo za risasi kwa mara moja. Ni imara kuliko hizo mbili. Lakini hebu tupime hatari yake kwa mashamba yetu. Ekari moja iliyo mraba ina upande wa karibu mita 64. Chembe ndogo za marisau zaweza kusafiri zaidi ya mita 200. Maana yake, ukifyatua ukiwa mwanzo wa shamba lako, chembe zinavuka shamba lako, la jirani, la jirani wa jirani, na bado zinaendelea. Na wengi wetu hatuna hata hiyo ekari moja. Sasa ongeza giza la usiku. Mahindi yanatikisika, unadhani ni nguruwe mwitu. Kumbe ni mtoto wa jirani naye analinda ya kwao.

Risasi ikishatoka haiitwi ikarudi.

3. CHETI CHA SILAHA

"Basi tutaomba cheti," mtu atasema. Kuomba si kosa. Lakini fahamuni mambo haya kwanza:

- Cheti hupewa mtu fulani kwa bunduki fulani. Si mali ya kikundi ya kupokezana zamu kama jembe au sufuria ya sherehe.

- Mwombaji huchunguzwa tabia na rekodi yake, na ni lazima aeleze sababu ya kutosha. Uamuzi ni wa Bodi ya Leseni za Silaha. Si wa chifu, na si wa rafiki yako aliye polisi.

- Cheti hulipiwa na kufanywa upya kila mwaka. Risasi nazo huwekewa idadi. Bunduki lazima ihifadhiwe mahali salama penye kufuli, watoto na wezi wasipofika. Nyumba yenye bunduki inayojulikana kijijini huwaita majambazi.

- Kubwa kuliko yote: cheti cha silaha si ruhusa ya kuwinda. Hizo ni sheria mbili tofauti. Mwenye bunduki halali akiua paa amevunja sheria ya wanyamapori kama vile aliyetumia mtego wa waya.

Kwa hiyo kikundi kitakuwa kimelipa gharama zote hizo ili kupata chombo ambacho hakiwezi kutumika kwa kazi iliyokusudiwa.

4. SUMU NA MITEGO PIA HAPANA

Wengine wakisikia hayo husema, "Basi tutatumia dawa." Tafadhali msifanye hivyo. Sumu ya wadudu ikiwekwa kwenye ndizi haichagui. Atakula tumbili, atakula mbwa, kuku atadonoa, na mtoto mwenye njaa akitoka shule ataokota. Mtego wa waya nao humshika ndama na humshika mtu. Na nyama ya mnyama uliyemkuta amekufa porini usiilete nyumbani. Kimeta huua ng'ombe na watu pia, na mwenye kuchuna ndiye wa kwanza kuambukizwa.

5. PESA HIZO ZIFANYE KAZI GANI?

Tuseme kikundi kina watu 20, na kila mmoja anaweka shilingi 50 kwa wiki. Hizo ni shilingi 1,000 kwa wiki, na kwa mwaka ni shilingi 52,000. Si pesa kidogo. Hizi ndizo kazi tunazopendekeza:

Zamu ya kulinda. Tumbili na nyani huja mchana, hasa asubuhi mapema na jioni. Nguruwe mwitu huja usiku. Kwa hiyo zamu ziwe mbili. Mashamba yanayopakana yalindwe pamoja, watu wawili wawili, kuliko kila mtu peke yake katika kibanda chake. Nunueni tochi zenye nguvu, filimbi na makoti ya mvua ya kikundi. Vipande vya mabati vya kugonga havina bei. Mlinzi akilipwa kidogo kutoka mfuko wa kikundi kwa zile wiki ambazo mahindi ni mabichi, hiyo ni ajira kwa kijana wa kijijini.

Watoto wasiachishwe shule. Hili tunalisema kwa mkazo. Nyumba nyingi za kando ya msitu mlinzi ni mtoto wa darasa la nne. Analinda mahindi ya mwaka huu na kupoteza maisha yake ya baadaye. Zamu ya watu wazima ndiyo dawa.

Pandeni kwa wakati mmoja. Shamba moja likikomaa mapema peke yake, wanyama wote watakuwa wageni wake. Mkipanda wiki moja, hasara hugawanyika na ulinzi huwa rahisi.

Badilisheni mazao ya ukingoni. Usipande mahindi yakigusa msitu. Tumbili hali majani chai. Ndiyo sababu moja wapo ya mashamba ya chai ya Nyayo, yaliyoanzishwa mwaka 1986, kuwekwa ukingoni mwa misitu: yanatenga msitu na mashamba ya watu. Mwenye kipande kidogo anaweza kuiga kwa mistari michache ya chai au nyasi ya mabingobingo ya ng'ombe. Mahindi, ndizi na viazi vikae karibu na nyumba.

Fyekeni. Tumbili hapendi kuvuka mahali peupe ambapo mbwa anaweza kumwona. Fyekeni kichaka kilicho kati ya shamba na msitu, kwa upande wenu wa mpaka. Upande wa msitu msikate kitu bila kuongea na KFS. Jiungeni na chama cha jamii cha kutunza msitu, kwa maana sheria ya misitu ya mwaka 2016 inawapa wananchi nafasi ya kushiriki kupitia vyama hivyo.

Mbwa na sanamu. Mbwa anayebweka ni mlinzi mzuri. Achanjwe kichaa cha mbwa kila mwaka, wala asiachiwe kuingia msituni kuwinda. Sanamu za kutishia zihamishwe kila siku chache na zibadilishwe nguo. Nyani ana akili. Akiona "mtu" yule yule amesimama wiki nzima, atakuja kukaa karibu naye.

Ua. Kwa nguruwe mwitu, ua wa vigingi vilivyokaribiana, uliofungwa vizuri chini, husaidia kuliko ua mrefu. Nguruwe husukuma na kuchimba. Anzeni na kipande cha viazi na mihogo, msijaribu kuzungushia kila kitu mwaka wa kwanza.

Na nyama? Tuseme ukweli, nyama inatakiwa. Hapa kwetu hakuna asiyejua heshima ya kuku mbele ya mgeni. Sungura naye hubeba mimba kwa siku 31 hivi na huzaa watoto kadhaa kwa mara moja, na chakula chake ni majani. Vikundi vyenye maji vinaweza kurudisha yale mabwawa ya samaki yaliyochimbwa kwa mpango wa serikali wa mwaka 2009 na 2010, ambayo mengine yameota nyasi. Shilingi 52,000 za kikundi zikiingia katika mabanda ya kuku na sungura, baada ya mwaka nyama ipo mezani, na hakuna anayekula huku akiangalia mlango.

6. FIDIA: MSIIACHE HAKI YENU

Sheria hiyo hiyo ya 2013 inayokataza kuwinda inampa mwananchi haki ya kudai fidia. Iliweka shilingi milioni 5 kwa mtu aliyeuawa na mnyama, milioni 3 kwa aliyepata kilema cha kudumu, na hadi milioni 2 kwa majeraha mengine. Mazao, mifugo na mali huhesabiwa kwa bei ya soko. Madai hupitia kamati ya wanyamapori ya kaunti.

Kumbukeni mambo matatu:

Kwanza, si kila mnyama yumo katika orodha ya fidia. Muulizeni afisa wa KWS kama mnyama aliyewaharibia yumo, kabla ya kuweka matumaini.

Pili, ripotini mapema, kabla ya kusafisha shamba. Andikeni tarehe, saa, mnyama gani, na mistari mingapi imeharibiwa. Mkiwa na simu ya picha, pigeni picha. Liguru na naibu wa chifu waone kwa macho yao. Kikundi kiwe na daftari moja la kazi hii. Madai ya watu 20 yaliyoandikwa vizuri hayatupwi kwa urahisi kama maneno ya mtu mmoja.

Tatu, sheria inasema mtu ambaye hakuchukua hatua za kutosha kulinda mali yake hatalipwa. Kwa hiyo ile zamu ya kulinda na ule ua ni ushahidi wenu pia. Aliyekaa na bunduki haramu atawezaje kuwaita maafisa waje shambani?

Hata pale fidia inapokawia, ripoti zenu zina kazi. Mahali pasipo na ripoti huhesabiwa kuwa hapana shida.

7. KAMA BUNDUKI IKO NYUMBANI TAYARI

Pengine marehemu baba aliacha bunduki ya zamani darini. Pengine kijana wako amenunua ile ya fundi. Usiichezee, usijaribu kuona kama inafanya kazi, na usiisafirishe. Ihesabu kuwa ina risasi ndani, hata kama ni ya miaka mingi. Watoe watoto humo chumbani. Kisha nenda wewe bila bunduki, ukaongee na polisi au chifu jinsi ya kuikabidhi. Kama una hofu, tafuta wakili au omba padri au katekista akusindikize. Kwenda mwenyewe mapema ni bora kuliko kufuatwa usiku.

Kwa kumalizia, wapendwa, kaka aliyekata tamaa shambani kwake tusimcheke wala tusimshtaki haraka. Tumpe zamu, tumpe filimbi, na tumwandike katika daftari. Papa Fransisko, katika waraka wake Laudato Si' wa mwaka 2015, alifundisha kwamba kilio cha dunia na kilio cha maskini husikilizwa pamoja. Huku kwetu maana yake ni kwamba msitu uwepo, na ugali pia uwepo.

MASWALI YA KUJADILI KATIKA KIKUNDI

1. Ni wanyama gani hutuharibia zaidi, saa ngapi, na katika mwezi gani?

2. Ni watoto wangapi katika kikundi chetu hukosa shule kwa sababu ya kulinda shamba? Nani atachukua zamu zao?

3. Tukiweka shilingi 50 kwa wiki, tungeanza na nini: tochi na mlinzi, ua, au mabanda ya kuku na sungura?

4. Nani atashika daftari la ripoti, na nani atalipeleka kwa KWS?

5. Je, kuna nyumba katika kijiji chetu inayohitaji msaada wa kukabidhi silaha kwa amani? Hili lisijibiwe hadharani. Mwone mwenyekiti au katekista kwa siri.